Injini inapiga kelele asubuhi halafu inanyamaza: ni cheni ya taiming kweli?

Dereva_Mpole
Wakuu, salaam. Gari langu ni la petroli, silinda 4, linatumia cheni ya taiming (ile inayounganisha krenki na kamshafti) na si mkanda. Likilala usiku kucha, asubuhi nikiwasha linatoa mlio wa kra-kra-kra upande wa puli, sekunde chache, kisha kimya. Likipata moto halina neno, ila mlimani naona limezubaa, na juzi taa ya injini imewaka. Fundi kapachika mashine, ikasoma msimbo wa hitilafu P0016. Hakuongeza maelezo: "Cheni imekwisha, tufungue." Jirani yangu anasema cheni haichakai, ndiyo maana ikawekwa badala ya mkanda. Gari nimelinunua kwa mtu, oili alikuwa anamwaga lini sijui. Nimsikilize nani? Na naweza kuendelea kulitembelea?

Kijana_wa_Gereji
Mkuu, usijitie presha. Weka oili nzito zaidi, mlio utakata. Ukigoma, badilisha tenshena (kile kifaa kinachoikaza cheni) peke yake, hata kava haifunguliwi kwenye injini nyingi. Mimi hiyo kazi naimaliza kabla chai haijapoa.

Mzee_wa_Spana
Kijana, hiyo ya oili nzito iache. Tenshena ya gari la namna hiyo inasukumwa na oili. Injini ikilala, oili inashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), asubuhi tenshena imelegea na cheni inapiga kava mpaka presha ipande. Sasa wewe unamwekea oili inayotembea polepole kwenye baridi! Umerefusha muda ule ule ambao cheni inachapwa.

Dereva, jirani yako ana nusu ya ukweli. Cheni haikatiki kirahisi kama mkanda, lakini inachakaa. Watu husema "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama lastiki. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo. Chukua cheni ya viungo 150: kila kimoja kikilika sehemu moja ya mia ya milimita, jumla umepata milimita moja na nusu ya ziada. Ziada hiyo inaifanya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ichelewe nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kwa hiyo valvu zinafunguka na kufunga nje ya wakati wake. Huko ndiko kuzubaa kwako mlimani kunakoweza kutoka.

P0016 inasema sensa ya kamshafti na sensa ya krenki hazikubaliani. Haijasema "cheni". Inaweza kuwa cheni, inaweza kuwa gia ya VVT (ile ya kamshafti inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka) iliyokwama, valvu yake ya oili iliyojaa uchafu, waya uliochubuka, au sensa yenyewe. Fundi anayeisoma namba hiyo na kushika spana palepale amebahatisha, hata kama amepatia.

Kabla hujafungua chochote, anza na vitu vya bei ndogo. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa chini ya alama, umeshapata mshukiwa. Kisha chujio. Chujio zuri lina kilimi cha mpira kinachozuia oili isirudi chini. La ovyo halina, au kimekakamaa, na kila asubuhi injini inaanza ikiwa kavu. Mwaga oili, weka ya unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, chujio zuri, usikilize asubuhi mbili tatu. Lile chujio la zamani usilitupe. Likate, ulikunjue karatasi yake juani. Ukikuta vumbi la chuma linalometameta au vipande vya plastiki vyeusi au vya kahawia, mshukiwa mkubwa ni cheni na reli zake za plastiki.

Mlio ukibaki, toa mkanda wa altaneta na uwashe injini ikiwa baridi, sekunde chache tu, kwa sababu kwenye magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukinyamaza, tatizo ni puli au beringi, umejiokoa. Ukiendelea, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava ya mbele na mpini sikioni. Cheni iliyolegea inachakarisha kavani, na mara nyingi unaisikia tena injini ikiwa na moto, pale unapoachia mafuta na mizunguko inashuka. Gia ya VVT yenye pini iliyolika ina tabia nyingine: inanguruma kwa nguvu sekunde moja au mbili mara tu unapowasha, basi, mpaka kesho yake. Hizo mbili watu wanazichanganya sana, na nimeona cheni nzima zikitupwa kwa kosa la gia.

Kuhusu kulitembelea: likiwa na mlio na P0016 pamoja, mimi ningeliegesha. Gia ya krenki yenye meno 18 ikirukwa jino moja, taiming imekwenda nyuzi 20. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinapishana eneo moja, ikirukwa meno kadhaa wanakutana, na hapo unazungumzia silinda hedi, si cheni tena.

Mama_Roho_Ngumu
Asante mzee, leo nimeelewa kilichoua injini yangu. Swali: nikishaamua kubadilisha, ninunue cheni tu au? Wauzaji kila mmoja ananipa orodha yake.

Mzee_wa_Spana
Dada, kazi kubwa ni kufika pale, vifaa ni sehemu ndogo ya maumivu. Nunua cheni, tenshena, reli za plastiki zinazoongoza cheni, gia, sili ya mbele ya krenki na bolti ya krenki kama kitabu kinasema ni ya kutumika mara moja. Cheni mpya juu ya gia zilizolika meno inachakaa haraka. Na yule atakayekubadilishia tenshena pekee kwenye cheni iliyorefuka anakununulia ukimya wa muda: kipistoni chake kinatoka mpaka mwisho wa safari, halafu hakina pa kwenda.

Na reli ikiwa imevunjika, sampu ifunguliwe. Vipande vinakwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili, presha inashuka, mwisho injini inanoki (inagonga ndani) ikiwa na cheni mpya kabisa.

Dereva_Mpole
Nimerudi wakuu. Oili na chujio vimebadilishwa, mlio uko palepale. Chujio la zamani limekatwa, lina vipande vya plastiki. Tumefungua. Kipistoni cha tenshena kimetoka chote, reli moja imepasuka kati, na sampu ilikuwa na kipande kirefu kama kucha. Sensa zimepimwa, nzima. Fundi ameagiza seti yote. Ila naona ana haraka, nimwangalie wapi?

Mzee_wa_Spana
Mwangalie mikono yake. Pistoni ya silinda namba moja iwe juu kabisa, alama za krenki na kamshafti zikae, ndipo cheni itoke. Cheni ikishatoka, asizungushe krenki wala kamshafti kwa kujaribu-jaribu, valvu zitapinda. Amuulize mwenye kitabu cha injini hiyo kama gia ya krenki ina kabari (kichuma kinachoizuia isiteleze kwenye shafti). Injini kadhaa za Ford na Mazda hazina: gia inashikwa na nguvu ya bolti tu, kwa hiyo bila vifaa vya kufungia krenki na kamshafti unafunga bahati nasibu.

Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, mpya iwe nyembamba. Inayomwagika ndani inafuata oili.

Akimaliza, kabla ya kuwasha, azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, upande wake wa kawaida. Asirudishe nyuma, hapo ndipo cheni huruka. Ikigoma popote, asimame. Halafu atoe fyuzi ya pampu ya mafuta, apige stata mpaka presha ya oili ipande, ndipo airudishe.

Dereva_Mpole
Mzee, amezungusha miwili. Viungo vya rangi vya cheni havipo tena kwenye alama! Anasema afungue upya.

Mzee_wa_Spana
Asifungue. Viungo vya rangi ni vya kupangia tu. Idadi ya viungo hailingani na meno ya gia, kwa hiyo vitarudi kukutana na alama baada ya mizunguko mingi mno. Tazama alama zilizochongwa kwenye gia zenyewe. Ya krenki iko mahali pake na za kamshafti ziko mahali pake? Basi afunge kava, afute P0016, na asubuhi uniambie umesikia nini.