Kongwa na mradi wa karanga: tupeane uzoefu wa tuliyoyaona na tuliyosimuliwa

Ndugu zangu, salaam. Wengi wenu mmepita Mbande katika safari ya Dodoma na Morogoro, mkaiona barabara inayochepuka kwenda Kongwa, na basi likasonga mbele. Mimi nimekulia huko ndani, na naomba kila mwenye kumbukumbu ya mji ule aieleze hapa, hasa kuhusu ardhi yake, kwa kuwa naamini historia yote ya Kongwa imetokana na udongo.

Naanza mimi. Nikiwa darasa la nne, tulipokuwa tukipalilia mahindi ya baba, jembe langu liligonga nati ya chuma kubwa kuliko ngumi yangu, na baba akasema kwamba hiyo ni ya Wazungu wa karanga. Baadaye nilisoma kwamba Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, iliidhinisha mwaka 1946 mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya 3,000,000, sehemu kubwa ikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa gharama ya pauni milioni 25. Walileta matrekta yaliyochakazwa na vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, lakini kati ya ekari 150,000 walizokusudia kuzifyeka katika mwaka wa kwanza, zilipatikana takribani 7,500 tu. Mibuyu iligoma kung'oka, na nyuki waliokaa ndani yake waliwatimua madereva. Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umekwisha kula kiasi cha pauni milioni 36.

Mjukuu wa Ugogo: Umeanza vizuri, kaka, ila mibuyu umeipa lawama nyingi mno. Marehemu bibi yangu, ambaye alilima karanga zake kipande kidogo nyuma ya tembe, alikuwa akituonyesha tatizo kwa vitendo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mwingine inakatika katikati bila kuaga. Wakati wa mvua udongo mwekundu unalainika, na karanga inaingiza vitumba vyake ardhini bila shida. Jua likishapiga wiki mbili, udongo ule ule unakaza kama tofali, na ukivuta shina, majani yanabaki mkononi na karanga zinabaki ardhini. Bibi alikuwa akimwagia maji ya kopo kwenye kila shina kabla ya kung'oa, tena jioni, kisha anachokoa kwa kijiti. Sasa nieleze, kopo la maji kwa maelfu ya ekari lingetoka wapi? Ndiyo maana wazee wetu walitegemea uwele na mtama, na ng'ombe wakawa ndiyo akiba.

Mtoto wa Msagali: Naongeza dogo. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa tawi la reli kutoka kwetu Msagali, kwenye Reli ya Kati, hadi Kongwa. Nilipokuwa mdogo tulichunga mbuzi juu ya tuta lake bila kujua kwamba treni iliwahi kupita hapo.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, nawashukuru, lakini naona mnazungumza kana kwamba mji ulikufa mwaka 1951. Majengo yaliyoachwa yalitumiwa kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilihamishiwa Iringa, na sehemu ya mashamba ikawa ranchi ya ng'ombe ambayo iko hadi leo. Kubwa zaidi ni la mwaka 1964, ambapo Serikali ya Tanganyika iliwapa wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, nafasi ya kambi hapo Kongwa, na muda si mrefu wakafuata wa vyama vingine vya ukombozi: ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel mwenyewe aliongoza kambi ya wenzake hapo kabla hajawa Rais wa Msumbiji.

Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule. Alfajiri tulisikia nyimbo za mchakamchaka katika lugha ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezielewa, na wakati wa kwenda shule tulikuta nyayo za mabuti barabarani, tukawa tunapima miguu yetu ndani yake. Wakubwa walitukataza kuuliza maswali, nasi hatukuuliza. Wengine kati yao hawakurudi makwao na makaburi yao yapo Kongwa. Wengine waliacha watoto, na ninao wanafunzi wangu wa zamani ambao ujomba wao uko Ugogoni na ubaba wao uko Namibia au Afrika Kusini. Hao ndio wangepaswa kuandika hapa kabla yangu.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mgeni wa wilaya hii, nilifuata soko la mahindi hapa Kibaigwa, ambalo limekua kwa sababu liko barabara kuu. Zaidi ya mahindi nanunua alizeti, na karanga pia zinakuja, debe moja au mawili, zikiletwa na akina mama kwa baiskeli. Nyingi huwa bado zina udongo mwekundu uliogandia kwenye maganda, kwa hiyo huwa nazikung'uta kwanza ndipo nipime.