Naomba ushauri: jukwaa jepesi la kufunga mtini kwa kuwindia kulungu

Wakuu, habari zenu. Nawinda kulungu kwa upinde, na msimu ujao nataka kuachana na jukwaa langu la chuma. Lina kilo 9. Ukijumlisha vipande vya ngazi na upinde, nafika kwenye mti nimelowa jasho, na kulungu ana pua kali mno. Harufu hiyo peke yake inaniharibia asubuhi nzima.

Katika kuchagua, nimebaki na mawili ya alumini. Moja lina kilo 4 na nusu, lakini pa kukanyagia ni padogo, nami hupiga nikiwa nimesimama. La pili lina kilo 7, lina nafasi ya kugeuka, na sakafu yake inasawazishika hata mti ukiwa umeinama. Yote yanabeba hadi kilo 136, kwa hiyo uzito wangu si tatizo.

Kinachoniumiza kichwa ni kelele. Msimu uliopita mnyororo wa kufungia jukwaa mtini uligonga chuma mara moja tu, dume niliyemsubiri siku tatu akatoweka. Je, mikanda ya kukazia badala ya mnyororo inatulia kweli? Mnaibadilisha baada ya muda gani ikishapigwa jua na mvua?

Halafu usalama. Nikishakaa juu nimefungwa mkanda wa mwili mzima, hilo siliachi kamwe. Ila wakati wa kulifunga jukwaa lenyewe mikono yote miwili ina kazi. Ninyi mnajizungushia kamba kiunoni na kwenye shina, au mna njia nyingine? Wenye uzoefu naombeni mnieleze, hasa mnaohama mti kila siku.