Nimeambiwa nimeshachukua mifuko sita ya mbolea ya ruzuku na sijachukua hata mmoja, naanzia wapi?

Kahawa_Mbozi

Wakuu salama? Mimi ni mkulima wa kawaida tu huku Mbozi, nina ekari nne, tatu mahindi moja maharage, na kahawa kidogo aliyoacha mzee. Nilijiandikisha mbolea ya ruzuku tangu ule msimu wa kwanza kabisa 2022, namba ya ruzuku ninayo, na misimu yote hiyo sijawahi kupata shida zaidi ya foleni. Sasa Jumanne nimepanda bodaboda mpaka mjini kuchukua ya kukuzia maana mahindi yameshafika magotini na mvua inapiga vizuri, nafika dukani nampa jamaa namba, anaingiza kwenye simu yake, anatikisa kichwa, ananiambia kaka wewe mgao wako umeisha. Umeishaje? Anasema inaonyesha mifuko sita imeshatoka kwa namba yako, DAP ya kupandia mitatu na UREA ya kukuzia mitatu. Mimi mwaka huu nilipandia mfuko niliobakiza mwaka jana na samadi ya ng'ombe wa shemeji, hata dukani sikukanyaga!

Nikamuuliza nani kachukua, akasema hajui, imetokea duka jingine. Anaweza kuniuzia bila namba ila kwa bei yake, na mimi mfukoni nina hela ya mifuko miwili ya ruzuku na nauli basi. Nilienda na mpira wa kufungia mifuko kwenye pikipiki nikarudi nao shingoni kama mganga.

Naombeni msaada, hii inarekebishwa wapi, kwa mtendaji, kwa bwana shamba au halmashauri? Na kama kweli mifuko imetoka kwa jina langu mbona sikupata meseji yoyote?

---

Wakala Mstaafu

Pole sana mkuu. Nimefanya uwakala misimu miwili huku Iringa kabla sijaacha (mtaji unakaa sana nje, hiyo ni mada nyingine), ngoja nikuelezee inavyoenda ndo utajua pa kuanzia.

Kila mfuko wa ruzuku una kibandiko cha QR. Wakala anaskani mfuko, anaingiza namba ya mkulima, mfuko unahesabika umetoka, na serikali inamlipa msambazaji ile tofauti ya bei. Kwa hiyo mfuko hautoki kwenye sistemu hewani hewani, lazima ubebwe na namba ya mtu. Na kiasi unachoruhusiwa kinategemea ekari ulizoandikisha kijijini. Sasa fikiria mfanyabiashara anataka mifuko mia mbili aivushe mpaka au aiuze bila ruzuku, atafanyaje? Anatafuta namba. Hapo kwenu Tunduma, mpakani na Zambia, ni pua na mdomo. Namba ya mkulima siku hizi ni mali kuliko hata mbolea yenyewe ila wenye namba wengi hawajui hilo.

Maswali mawili tu. Moja, ile namba ya simu uliyojiandikishia 2022 bado unayo? Meseji zinaenda kule, sio kwenye laini unayotumia leo. Mbili, na hapa usiseme uongo, kuna mtu umewahi kumpa namba yako ya ruzuku?

---

Kahawa_Mbozi

Mkuu umenikamata. Laini ya 2022 ilikuwa ya mdogo wangu, sasa hivi yuko Dar na sijui hata kama bado anaitumia. Kila msimu wanasema tuhuishe taarifa, mimi nikawa nasema namba si ipo tu.

Na hilo la pili ndo limenifanya nikae chini. Mwezi wa kumi alipita jamaa na pikapu, amevaa fulana ina picha ya mahindi, akasema anakusanya oda za kijiji ili mbolea iletwe mpaka hapa tusihangaike na bodaboda. Alikuwa na daftari la kaunta, anaandika jina, namba ya ruzuku, idadi ya ekari, na elfu mbili ya usafiri. Tukapanga foleni wenyewe tena tunagombania, mimi nilikuwa wa tano au wa sita. Hakurudi, na sisi tukahesabu tumetapeliwa elfu mbili basi, yameisha. Kumbe elfu mbili ilikuwa chenji.

---

Babu wa Vocha

Wajukuu mnanichekesha kwa uchungu. Haya mambo hayana jipya zaidi ya simu. Mimi niliyaona kuanzia 2008 wakati wa vocha za ruzuku, kila kaya inapewa kwa ekari moja, vocha ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu, wewe unaongeza nusu ya bei. Wazo zuri kabisa. Mahindi ya mwaka ule wa kwanza nilivuna mpaka nikajenga kihenge cha pili. Halafu wajanja wakaona kwamba mkulima nusu ya kuongezea hana, basi wanakuja na meza yao, unasaini vocha zote tatu, unapewa elfu kumi mkononi unaenda zako kununua sukari. Karatasi zinaonyesha umechukua, shamba lako linaonyesha hujachukua, na wewe mwenyewe umesaini utasema nini.

Nilimsikia jirani anajisifu kwamba kapata elfu kumi ya bure. Mbolea yake ilikuwa na thamani mara kadhaa ya hiyo.

Sasa mwanangu wewe angalau hukusaini. Nenda kwa bwana shamba wa kata kwanza, usianze na duka.

---

mchumi_wa_kijiweni

Mimi naomba nitofautiane kidogo na hizi lawama. Mnasahau tulikotoka. Mwaka 2022 vita ya Ukraine imeanza mfuko wa DAP ulivuka laki na ishirini, watu wakapanda bila mbolea, ruzuku ikaushusha mpaka elfu sabini. Bajeti ya Wizara ya Kilimo 2021/22 ilikuwa bilioni 294, 2024/25 imevuka trilioni 1.2. Hakuna awamu iliyoweka hela hivyo kwenye kilimo. Tapeli mmoja wa pikapu asitufanye tuseme mpango mzima ni ovyo.

---

Lumbesa Hatari

@mchumi_wa_kijiweni hakuna aliyesema ni ovyo mkuu, soma vizuri. Jamaa analia kwa sababu mpango anaupenda, angekuwa hautaki asingepanda bodaboda.

Ila trilioni yako inafika mpaka lami inapoishia. Duka lenye mbolea liko mjini wilayani, kutoka kwangu kwenda na kurudi na mifuko miwili bodaboda anataka elfu kumi na tano, mvua ikinyesha ishirini. Gawanya kwa mifuko miwili uone punguzo limebaki ngapi. Sasa akitokea mtu na pikapu anasema naleta hapa hapa kwa elfu mbili, wewe ungekataa? Yule tapeli kaona pengo ambalo sisi wote tunaliona, katumia akili kuliko wapangaji. Mbolea ingekuwa inashushwa kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, au hata darasa bovu la shule ya msingi pale kijijini, daftari lake nani angeandika jina?

Na kwenye kuuza ni yale yale. 2024 NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, walinunua mahindi kwa 700 kilo, bei nzuri sana, ila yawe makavu, yamechekechwa, na uyafikishe mwenyewe kituoni. Mwenye gunia mia anakodi fuso anaenda. Mwenye gunia nane na ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, unaomsubiri Ijumaa anauza kwa dalali mlangoni, tena kwa lumbesa, gunia limevimba mpaka limeshonewa kofia juu. Nimeshasema jina langu sikujipa bure.

---

Mama Shamba Kitale

Habarini majirani, mimi nasoma kutoka Kitale, Kenya, na naona kama mnasimulia ya kwetu. Huku chifu ndiye anakuandikisha, unatumiwa meseji ya vocha kwa simu, unaenda depo ya NCPB, ile bodi ya serikali ya nafaka, unalipa 2,500 kwa mfuko, ilianza 3,500 mwaka wa 2022 ikashuka. Bei hatuna neno. Shida ni kwamba unaweza pata meseji ukiwa Kitale mbolea iko depo ingine, ama ukae laini siku nzima na mtoto mgongoni uambiwe lori halijafika.

Halafu 2024 ndio tulipewa funzo la karne, ikapatikana mifuko feki ndani ya mpango wenyewe wa serikali. Waziri akapigiwa kura bungeni ya kumng'oa, kamati ikamsafisha, sisi tukabaki tukiangalia mahindi ya njano. Tangu hapo mimi nikinunua mfuko nauchunga kama yai, napiga picha ya mfuko, ya risiti, na ya kile kinachotoka ndani nikifungua. Huyo ndugu wa Mbozi anyamaze kidogo kwa mtandao akusanye wenzake wa ile daftari, mtu mmoja akienda ofisini ataambiwa amesahau kwamba alichukua.

---

Wakala Mstaafu

Mama wa Kitale kamaliza. Nyongeza tu: sistemu inajua kila mfuko umeskaniwa na wakala gani na lini. Hiyo kumbukumbu haifutiki kwa maneno. Ukifika kwa afisa kilimo wa wilaya usiseme nimeibiwa mbolea, sema naomba nionyeshwe wakala aliyetoa mifuko kwa namba yangu. Kama majina yenu yote yametoka kwa wakala mmoja siku moja, hapo hata asiyetaka kuona ataona. TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, nao wana namba ya bure ya kupokea malalamiko, pigeni ila msiishie kwenye simu. Na badilisha ile laini leo leo.

---

Kahawa_Mbozi

Wakuu mrejesho kidogo. Nimezunguka jana na leo nyumba kwa nyumba, tumefika watu kumi na moja mpaka sasa, na kuna wajane wawili ambao hata hawakujua wana namba mpaka jamaa alipowauliza, mtoto ndo alimsomea kwenye simu. Bwana shamba wa kata amekuja kaandika majina yote, kaniambia Jumatatu twende wote wilayani, hakuahidi kitu ila hakutufukuza. Mtendaji yeye kasema tulikuwa wapi siku zote, nikamuuliza na yeye siku ile ya pikapu alikuwa wapi maana meza tuliyoandikia ilikuwa ya ofisi yake. Akanyamaza. Elfu mbili alitoa na yeye, yumo kwenye daftari.

Mbolea sasa. Majani ya chini yameanza njano na mahindi hayasubiri Jumatatu, kwa hiyo nimekopa nusu mfuko wa UREA kwa mama mkubwa, nitamrudishia debe mbili za mahindi tukivuna. Nimeweka ekari moja ya karibu na nyumbani kwa kizibo cha soda, kidogo kidogo kila shina nikafukia, zile nyingine mbili nazitazama tu.

---

Lumbesa Hatari

Debe mbili kwa nusu mfuko? Huyo mama mkubwa kakuonea huruma, huku kwetu ungeambiwa gunia. Jumatatu ukitoka huko wilayani urudi hapa utupe majibu hata kama ni ya njoo kesho.

---

Babu wa Vocha

Na ubebe ule mpira wa bodaboda, huwezi jua.