Nyekundu juu, bluu ya pili, kijani chini kabisa. Hiyo kijani "iliyokandamizwa" maana yake nini?

Nasra_Bandarini
Wakuu habari zenu. Kazini tulifanyiwa semina ya hizi rangi za tabia, ile ya nyekundu, njano, kijani na bluu, unajaza maswali baadae unaletewa ripoti na grafu. Mimi nimetoka nyekundu juu kabisa, bluu inafuatia, njano ipo ipo tu katikati, kijani imelala chini. Mwezeshaji akaiangalia akasema "dada wewe kijani umeikandamiza", watu wakacheka, tukaenda kula, habari ikaishia hapo. Tangu siku hiyo nikisema tu godauni lipangwe upya naambiwa haya mwekundu kaanza. Na nyumbani mimi ndo mtu nisiyeweza kuwaambia mawifi zangu hapana, wakija kukaa wanakaa wanavyotaka, napika, sisemi kitu. Hiyo siyo kijani? Naomba anayeelewa anieleze hizi rangi zinachanganyikaje, ya kwanza, ya pili na hii ya chini, maana ripoti ina kurasa nyingi na zote zinanisifia tu.

Mwana_wa_Jangwani
Mwekundu si uende Msimbazi kwa wenzio 😂😂 sisi huku ni njano na kijani, watu wa watu, ndo maana tunapendwa

Kaka_Mkufunzi
Dada Nasra achana na watani. Nieleze nilivyoelewa mimi, hizi semina nimekaa pande zote mbili, kufundishwa na kufundisha.

Chukua duara ulikate mara mbili. Mkato wa kwanza ni kasi: nyekundu na njano wanakwenda haraka, wengine wanaongea huku ndo wanafikiri, kijani na bluu wanakwenda taratibu. Mkato wa pili ni kipi kinatangulia: nyekundu na bluu wanaangalia kazi kwanza, njano na kijani wanamuangalia mtu kwanza. Kwahiyo nyekundu anachangia kasi na njano, anachangia kazi na bluu, ila na kijani hawachangii kitu, wako kona zinazotazamana. Ndo maana mtu akiwa mwekundu sana, ya mwisho mara nyingi inakuwa kijani. Duara lilichorwa hivyo.

Na wazo la msaidizi na aliyefukiwa siyo la hawa wenye semina, ni la zamani. Carl Jung, yule Mswisi, aliandika mwaka 1921 kwamba kila mtu ana namna moja anayoitegemea, kuna ya pili inayoisaidia, na hiyo ya pili haiwezi kuwa mpinzani wa ya kwanza. Anayetegemea kufikiri basi hisia ndo zinasukumwa chini. Na kilichosukumwa chini hakifi, kinabaki kichanga, siku kikitoka kinatoka kwa fujo.

Sasa hiyo ya pili watu wanaidharau, wanasoma ya kwanza wanafunga ripoti, wakati ya pili ndo inaonyesha ile ya kwanza inatokaje. Chukua mabosi wawili, wote wekundu, wote wanataka ripoti saa nne. Mwekundu mwenye njano utamsikia tangu kwenye korido, anakupiga bega, jamani leo tunawaonyesha, af ripoti yenyewe akiipata anasoma ukurasa wa kwanza tu. Mwekundu mwenye bluu haongei. Saa nne na dakika moja unapata ujumbe: "jumla ya ukurasa wa 3 haikubaliani na ukurasa wa 5, rekebisha." Hata habari yako hakuna. Huyo ndo wewe dada, na usinune, kwenye godauni mtu wa hivyo ndo anafanya mzigo usipotee.

Ya chini sasa. Mwekundu-bluu mara nyingi uamuzi wake uko sawa, anapofeli ni kwenye muda anaowapa watu wauzoee. Kaamua Jumatatu stoo inahama, anataka Jumanne iwe imehama, na pale stoo kuna mtu alikuwa anasubiri tu aambiwe kwanini. Akizidiwa na stresi ndo kijani inajitokeza vibaya, ananyamaza, anasema "sawa, fanyeni mnavyotaka", moyoni kashakasirika. Kijani aliyeizoea rangi yake hakubali jambo kwa hasira namna hiyo, akikubali kakubali.

Nasra_Bandarini
Hapo kwa "fanyeni mnavyotaka" mume wangu kasoma kacheka mpaka kaniudhi. Asante mkuu. Ila kuna kitu sijaelewa, ripoti ina grafu mbili. Ya kwanza kijani iko chini kabisa, ya pili imepanda inakaribia mstari wa katikati na nyekundu imeshuka kidogo. Ipi ndo mimi?

Pima_Kwanza
Swali hilo ndo angeulizwa mwezeshaji kabla ya chakula.

Hizi testi za DISC, ambazo ndo zimevikwa hizo rangi nne, nyingi zinakupa vikundi vya maneno manne manne, vikundi 24 au 28 kutegemea nani anauza. Kila kikundi unachagua neno linalokufaa zaidi na lisilokufaa kabisa. Grafu ya kwanza inatokana na yale uliyosema yanakufaa, ya pili inatokana na uliyoyakataa. Wanavyozisoma ni kwamba ya kwanza ni sura unayoivaa pale ulipokuwa unapafikiria wakati unajaza, ya pili ni wewe usipojilazimisha, au ukibanwa.

Kwahiyo kijani ikiwa chini kwenye zote mbili hujakandamiza chochote, unayo kidogo basi, hakuna siri hapo. Ikiwa chini kwenye ya kwanza na imepanda kwenye ya pili, hapo ndo neno kukandamiza linapata kazi: ipo, ila kazini unaizima. Ya kwako iko hivyo. Huenda kwenye godauni lenu anayebembeleza hasikiki, umejifunza kuiacha getini. Ni tofauti kubwa na kuambiwa mbele za watu kwamba huna huruma, na mwezeshaji kama alikuwa anaijua tofauti hiyo angeisema.

Ila mimi nina ugomvi mwingine na hizi rangi, nao ni wa hesabu. Tuseme kwenye kikundi kimoja umekuta jasiri, mchangamfu, mvumilivu, makini. Wewe ni jasiri na pia mvumilivu, lakini unaruhusiwa moja tu, ukichagua jasiri basi uvumilivu haupati kitu hapo hata kama unao tele. Rangi zinanyang'anyana. Hakuna anayeweza kuwa juu kwenye zote nne, testi haimruhusu. Maana yake kijani yako kuwa chini inasema iko chini ya nyekundu YAKO, haisemi iko chini kuliko ya yule wa mapokezi. Yeye anaweza kuwa na kijani mpaka darini na bado akawa na uvumilivu mdogo kukushinda. Ndo maana HR akianza kuwapanga wafanyakazi kwa hizi grafu, au kuajiri kwa kutumia hizi grafu, mimi nanyanyuka naondoka.

Na hizo kurasa zinazokusifia... Mwanasaikolojia Bertram Forer, Marekani, mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake testi, akawarudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na sehemu ya maneno aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Hata DISC yenyewe, Marston aliyeandika nadharia ya zile tabia nne mwaka 1928 hakutengeneza testi, walioitengeneza ni wengine waliokuja baadae.

Swahiba_Kibokoni
Hapo kwa kitabu cha nyota mmenichekesha. Huku Mombasa wazee wa falaki washawagawa watu zamani, huyu nyota ya moto, huyu upepo, huyu maji, huyu udongo, na kabla ya posa huulizwa moto na maji watakaaje nyumba moja. Nyekundu na kijani zenu ni mambo yaleyale, Wayunani walianza na nyongo na balghamu, wakaja Waarabu wakayachukua kwenye tiba, sasa yamerudi na projekta 😄

Nasra_Bandarini
@Pima_Kwanza nimeenda kuangalia fomu, juu kabisa imeandikwa "jibu ukifikiria mazingira ya kazi yako". Yan nyumbani hakukuwemo kabisa kwenye hesabu. Kesho naenda na grafu ya pili ofisini, naibandika ukutani.

Otis_254
Wadau na mimi nisaidieni. Nilitoka njano na bluu zote juu kabisa, na mmesema hizo ziko kona zinazotazamana. Huyo Jung amesema haiwezekani. Testi imeharibika ama ni mimi?

Kaka_Mkufunzi
Otis hujaharibika, wapo. Jung alikuwa anaongelea kitu kinachoongoza na msaidizi wake, hizi rangi zinahesabu majibu tu, kwahiyo kona mbili zinaweza kupanda zote. Nilichokiona ni kwamba rangi jirani zinachanganyika, zinazotazamana zinapokezana. Ni yule mtu kwenye kamati ya harusi anayechangamsha kikao mpaka watu wanaahidi hela ambazo hawana, usiku yuko peke yake na daftari, kila ahadi na tarehe yake na namba ya simu. Wenzake wanachoka kwasababu hawajui leo anakuja nani, wa kelele au wa daftari.

Na ukiwa hivyo usitafute kilichofukiwa sehemu moja, una mbili chini, nyekundu na kijani. Kwenye kamati itaonekana hapa: ahadi zimepita tarehe, daftari linajua, na yeye anatuma ukumbusho kwenye grupu wenye maua na emoji. Kumpigia mtu mmoja na kumwambia lete hela leo, hawezi. Anamtafuta mwekundu ampigie.

Otis_254
Wueh. Nani alikuambia mimi ni treasurer wa harusi ya kaso yangu

Pima_Kwanza
Kabla hujaamini sana Otis, jaribu hivi: huenda nusu ya maswali ulijibu ukifikiria kazini na nusu ukifikiria maboi zako, hiyo peke yake inatosha kupandisha kona mbili. Chagua sehemu moja, ijaze tena baada ya muda bila kuangalia majibu ya zamani. Njano na bluu zikibaki juu, haya, mkufunzi yuko sahihi. Moja ikianguka, usirudi kwake, nenda tu na hiyo iliyobaki.