Tupeane uzoefu: barua ya madai iliyokurudishia haki yako

Wakuu, naanza mimi. Friji nililonunua Kariakoo kwa 850,000 liliacha kugandisha wiki ya tatu, na lina warantii ya mwaka. Barua yangu ya kwanza ilijaa kurasa tatu: muuzaji alivyonijibu ovyo, maziwa ya mtoto yalivyoharibika, mpaka nauli za bajaji. Haikujibiwa. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Tarehe ya kununua, namba ya risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), namba iliyobandikwa nyuma ya friji, kisha: "Nadai friji jingine zima la aina hiyohiyo au Sh 850,000 ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) na kufungua madai mahakamani." Nilikwenda na nakala mbili. Moja nikawaachia, nyingine karani akaisaini na kuigonga muhuri, nikaondoka nayo. Siku ya 9 wakapiga simu nikachukue friji jipya. Naamini kabisa ule muhuri ndio uliowaamsha.

Mteja wa Nairobi: Fundi wa sofa alikaa na deposit yangu ya 40,000 miezi minne, kila nikipiga ni "kesho". Nikamwandikia barua, nikaambatisha ujumbe wa M-Pesa, nikampa siku 7. Kimya. Nikaenda mwenyewe bila wakili Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nilipoulizwa kama nilimpa notisi, nikaitoa barua. Alilipa kabla ya hukumu.

Dada wa Mwanza: Jamani msitishe watu. Dobi aliunguza gauni la harusi la mdogo wangu, nikamwandikia "nitahakikisha unalala ndani". Wakili wake akajibu kwamba namtishia mteja wake. Nikaanza kuomba radhi mimi niliyedhulumiwa, na fidia nikapata nusu tu.

Mgeni: Risiti imepotea, nifanyeje?

Mteja wa Nairobi: Ulilipa kwa simu? Chukua taarifa ya miamala, iambatishe. Meseji mlizoandikiana pia, usifute hata moja.

Mgeni: Taarifa ya miamala nimeipata, ni ya Machi. Barua nimeipeleka leo asubuhi, wamesaini nakala yangu. Nitaleta mrejesho.