Nimechekwa na muuza spana leo asubuhi mpaka muuza kahawa akaweka birika chini

Wakuu, naandika nimesimama ndani ya mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, kwapa la mtu lipo usoni. Herufi zikipinda mjue ni hasira.

Yule jamaa wa Gerezani, Dar. Mnamjua. Jina simtaji, lakini kila aliyewahi kutafuta spana pale kashapita mbele yake: yule anayekaa juu ya pipa, miguu kainyoosha kama sultani, anakutajia bei huku anaangalia simu. Huyo huyo.

Mwezi uliopita nilimaliza kabanda ka gari nyuma ya nyumba. Nikasema basi, simpelekei tena fundi gari kumwaga oili halafu nirudi na mlio mpya. Nikaenda kwake kutafuta boksi spana. Akanitolea lile kasha la kijani, vipande 46, limeandikwa Chrome Vanadium kila mahali, nusura liandikwe na kwenye mfuko wa nailoni. Kaanza na 70,000, tukavutana, nikaondoka nalo kwa 45,000 najiona mjanja wa mji.

Jana jioni nimelala chini ya gari, soketi namba 14 kwenye nati ya oili, navuta. Krrrk. Raketi, ule mpini wa kuzungushia soketi, ikawa inazunguka kulia na kushoto kama feni ya gesti. Nati yenyewe haina hata habari kwamba kuna mtu alikuja.

Leo asubuhi nikarudi. Sikwenda kishari. Hadi shikamoo nimempa, na nina uhakika namzidi umri. Akaichukua raketi, akaizungusha kidoleni, akacheka, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kituoni: "Bosi wangu, hii siyo ya kufungulia nati. Hii ni ya kukaa kwenye buti, trafiki akikusimamisha aone una vifaa."

Watu wakacheka. Muuza kahawa akacheka mpaka akaweka birika chini. Wakuu, AKAWEKA BIRIKA CHINI. Mtu anayegonga vikombe kutoka Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi bila kupumzika, kaona mimi ndiyo sababu ya kupumzika.

Hela sijarudishiwa. Lakini hela siyo shida. Shida ni birika.

Mzee wa Grisi: Pole mkuu. Swali dogo tu. Hilo la vipande 46 ni la robo inchi, yaani kile kijichwa cha raketi kinachoshika soketi ni chembamba, na soketi yake kubwa kabisa ni hiyo 14. Ni la baiskeli, dashibodi na vinati vya betri. Raketi ya robo inchi unaipeleka kwenye nati ya oili iliyokazwa na fundi wa uchochoroni aliyeikanyagia kwa mguu? Kwanza unalegeza kwa ringi spana au mpini mrefu wa nusu inchi, raketi inakuja kumalizia. Uliongeza bomba kwenye mpini uwe mrefu?

Mleta uzi: Bomba lilikuwa fupi.

Mzee wa Grisi: 😂😂😂 Wakuu, ALIONGEZA BOMBA.

Tuliosimama Nyuma: Tuliokuja kusoma maoni tujuane hapa. Muuza kahawa usipite mbali.

Binti Msumeno: Umepigwa, ila umejipeleka mwenyewe. Maandishi ya Chrome Vanadium hata mwanangu anaweza kuyagonga kwenye kijiko. Soketi unaishika mkononi uone uzito, unaichungulia ndani. Yenye pembe 12 na chuma laini itakula kona za nati, chukua pembe 6. Na mtu mwenye gari moja hahitaji vipande 46. Ringi spana nzuri kuanzia 8 mpaka 19, plaizi, bisibisi mbili za maana, nyundo, wilispana. Nunua moja moja kila mshahara.

Mleta uzi: Asante dada, lakini hakuna aliyegusia lile la kunicheka. Mimi nimempa shikamoo.

Kobe wa Tabata: Bora wewe umechekwa. Mimi seremala kanitengenezea meza ya kazi, kaniapia mguu wote ni mninga. Nimefunga jiliwa, nimebana chuma, nashika msumeno nikate, meza ikaanza kutembea. Nakata huku naifuata. Tumekuja kusimama mlangoni, mimi na meza. Rangi ilipobanduka nikakuta paini, na mchwa wameshapata kiwanja.

Binti Msumeno: Hukuifunga ukutani?

Kobe wa Tabata: Ukuta wenyewe kajenga binamu yake.

Nairobi Moja: Ndugu zetu wa Bongo, hizo kasha za plastiki mnazipendea nini? Kibanio kinavunjika wiki ya kwanza, spana zinamwagika kwa barabara. Mimi niliitisha sanduku la bati pale Kamukunji, fundi akagonga nikiangalia. Limeanguka kwa ngazi mara mbili na ngazi ndiyo iliumia.

Kobe wa Tabata: Huku karibu na bahari hilo bati lako litaota kutu kabla hujalipia. Weka kitambaa chenye oili ndani.

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Birika liliwekwa chini.

Chumvi Kidogo: Mada yenyewe ya kweli ni majirani. Kuna mtu mtaani kwetu kaniazima spana malaya, ile inayojirekebisha kukaa kwenye nati yoyote, tangu 2019, alisema "dakika tano tu, bomba la choo linavuja". Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa hivi yuko shule. Nikipita anaanza kunisifia shati.

Mzee wa Grisi: Spana malaya haiazimwi. Jina lake lenyewe linakuonya.

Tuliosimama Nyuma: Na soketi namba 10 je? Nimenunua nne mwaka huu. Nadhani zipo mahali zinaoana.

Mleta uzi: Hivi kuna mtu anayesoma nilichoandika?

Fundi Bomba Mstaafu: Chumvi Kidogo, ni wewe wa nyumba yenye geti la bluu? Spana yako ninayo, haijapotea. Lakini tuambiane ukweli hapa hapa mbele ya watu: ngazi yangu iko wapi?

Chumvi Kidogo: Ngazi ipo, jirani. Njoo na spana uichukue.

Fundi Bomba Mstaafu: Njoo nayo wewe, mimi mgongo.

Chumvi Kidogo: Mgongo huo huo uliobeba spana yangu?

Nairobi Moja: Hiyo ngazi ni ya mbao ama ya chuma?