Nimepigwa safari ya Kanchipuram nikiwa na mama mgonjwa. Mnaokuja Chennai kutibiwa, someni hapa

Wakuu, hili nimelikalia siku tisa. Leo nalitoa.

Nipo Chennai, India, na mama tangu mwezi uliopita, tumemleta kwa matibabu ya moyo. Daktari akampa siku nne za kupumzika, akasema anaweza kutoka kidogo ila asichoke. Kanchipuram, mji wa mahekalu ya Kihindu, aliitaja mama mwenyewe. Nesi mmoja alimsimulia kuhusu hekalu la Varadharaja Perumal, kwamba kuna sanamu ya mti wa mtini inayolazwa chini ya maji ya bwawa na hutolewa mara moja tu kila miaka 40. Ilitolewa 1979, ikatolewa tena 2019. Mama ni mtu wa kanisa tangu azaliwe, lakini habari hiyo ilimwingia. "Hata nilione hilo bwawa tu," akaniambia.

Kuna dalali anazunguka kwenye nyumba za wageni tunazofikia Waafrika, Kiswahili chake kimenyooka. Kutoka Chennai ni kilomita zipatazo 70. Akataka rupia 6,500: gari siku nzima, mahekalu manne na chakula cha mchana. Nikalipa zote, keshi, bila risiti. Nikamwomba tuondoke alfajiri kabla jua halijawaka. Akakataa katakata, eti saa nne inatosha.

Sasa sikilizeni. Mahekalu makubwa ya Kanchipuram hufungwa mchana, kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa kumi jioni. Ni kila siku, na mtu anayepeleka wageni kule hawezi kuwa hajui. Sisi tumefika saa sita na robo!

Akatushusha hekalu la Ekambareswarar, lile lenye mnara wa langoni wa karibu mita 60 uliojengwa na mfalme Krishnadevaraya mwaka 1509. Viatu unaviacha nje. Mama akavua, akakanyaga mawe ya uani jua likiwa utosini. Nikamwona anatembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika mkoba wenye dawa zake. Hatujamaliza hata ua, mlinzi anatupungia tutoke, wanafunga. Usiku nilipomwosha miguu nikakuta malengelenge mawili, moja chini ya kidole gumba.

Saa tatu na nusu za kusubiri tulizimalizia madukani. Maduka matatu ya hariri! Na nisieleweke vibaya, hariri ya Kanchipuram ni kazi ya kuheshimiwa. Pindo hufumwa kwa uzi wake na kuunganishwa na mwili wa sari pale pale kwenye kitanda cha mfumi, na sina ugomvi na wafumaji. Lakini duka la tatu wakamtandikia mama sari ya rupia 18,000. Nikaulizia lebo ya Silk Mark, ile inayothibitisha kuwa ni hariri halisi. Muuzaji akamtazama dalali, dalali akatoka nje kupiga simu. Mgonjwa wa moyo kakaa kwenye stuli ya plastiki akishikishwa vitambaa ili mtu apate kamisheni. Chakula cha mchana kilikuwa idli mbili mbili, vile vikeki vya mchele vya kupikwa kwa mvuke.

Saa kumi ikafika, milango inafunguliwa, jamaa anasema turudi tusikute foleni. Nilibishana naye mpaka watu wakageuka kutazama. Mama akanishika mkono, "Mwanangu, yaishe, nimechoka." Tukarudi. Bwawa hatukuliona.

Juzi nimekwenda mwenyewe kwa treni ya alfajiri inayopitia Chengalpattu. Nauli ni hela ndogo sana. Kabla ya saa tano nilikuwa nimeshalizunguka Kailasanathar, hekalu la mawe ya mchanga la watawala wa Pallava, la tangu karne ya 8, kisha nikaenda Varadharaja. Kibao kinawazuia wasio Wahindu kuingia ndani kabisa, sawa, ni ibada yao. Lakini bwawa liko uani! Liko karibu na ukumbi wa nguzo mia, ule wenye minyororo iliyochongwa kwenye jiwe, pete ndani ya pete. Mama angekaa pale kivulini akaliangalia mpaka akatosheka. Kilichotakiwa ni kuondoka Chennai mapema, basi. Sasa ameshaanza matibabu tena na haruhusiwi kutoka.

Nimemwomba dalali anirudishie nusu tu ya hela. Ujumbe ameusoma, hajibu, na jana nimemwona mapokezi anaongea na familia nyingine iliyofika juzi. Nimewaeleza kila kitu, wakaahirisha.

Mwenye uzoefu anisaidie: polisi wa hapa wanapokea malalamiko ya mgeni asiye na risiti? Ninazo jumbe zake za bei na ahadi ya mahekalu manne. Tunaondoka tarehe 14.